Rangi za Oktoba zinataka kichujio, si jua kali

Ndugu Mhariri,

Kwa wasomaji wenu walioko kaskazini-mashariki mwa Marekani, naomba nafasi niitaje barabara ya Kancamagus huko New Hampshire, kati ya Lincoln na Conway. Ina kilomita zipatazo 55 na haina kituo cha mafuta hata kimoja. Jazeni tangi kabla. Rangi za majani ya miti hukolea mwishoni mwa Septemba hadi katikati ya Oktoba, zikianzia milimani.

Wengi hungoja jua kali ili wapige picha. Siku ya mawingu, tena baada ya mvua, ni bora mno. Tatizo ni kwamba majani ya miti ya mepo yakilowa hung'aa kama bati jipya, na mng'ao huo hufunika wekundu wake. Funga mbele ya lenzi kichujio cha polaraiza (kioo kinachopunguza mng'ao), kizungushe taratibu huku ukitazama kioo cha kamera, uache pale weupe unapotoweka. Kwa kuwa kinakula mwanga, pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 400 au 800, ili shata iendelee kufunga haraka: ikiwa polepole kuliko 1/250 ya sekunde, upepo kidogo tu huyavuruga majani. Ukipiga anga la buluu kwa lenzi pana, kivue, la sivyo upande mmoja utatoka mweusi. Punguza mwanga wa picha kwa theluthi ya hatua (kipimo cha mwanga kwenye kamera), maana mwanga ukizidi, nyekundu ndiyo huungua kwanza.

Na jamani, msisimamishe gari barabarani kwa ajili ya picha! Maegesho yapo, ila wikiendi hujaa mapema. Nendeni siku ya kazi, alfajiri.

Msomaji wenu,
Boston, Marekani