Salamu za Shukrani: Familia ya Marehemu Profesa wa Fiziolojia

Sisi familia ya marehemu baba yetu, aliyekuwa profesa wa fiziolojia (elimu ya jinsi mwili unavyofanya kazi), tunatoa shukrani za dhati kwa wote mliokuwa nasi bega kwa bega tangu alipougua hadi tulipompumzisha. Mlikuja, mlipiga simu, mlituma michango, mlikesha nasi. Hatuwezi kumfikia kila mmoja kwa jina, hivyo tunaomba mzipokee salamu hizi kama tumewapa mkononi.

Madaktari na wauguzi, asanteni kwa uvumilivu. Mgonjwa anayetaka kuelezwa kazi ya kila waya wa mashine ya moyo si mgonjwa mwepesi.

Shukrani za pekee ziwaendee mafundi wa maabara, walioko kazini na waliostaafu. Mnaijua hadithi aliyofungulia kila mwaka wa masomo. Mwaka 1883, huko London, daktari Sydney Ringer alieleza kwamba maji yake ya chumvi, ambamo mioyo ya vyura ilidunda vizuri, yalikuwa yametengenezwa, bila yeye kujua, kwa maji ya bomba. Alipotumia maji yaliyokenekwa (yaliyosafishwa kwa kugeuzwa mvuke), mioyo ikalegea. Iliyokosekana ni kalsiamu, iliyokuwamo kwenye maji ya bomba: bila hiyo msuli wa moyo haujikunji. Hapo baba aliuliza darasa, "Nani aliyachota yale maji?" Kisha alimwita fundi wa zamu mbele na kumtambulisha.

Ni ninyi pia mliookoa karatasi zake. Ofisi ilipotakiwa kuachwa wazi, makabrasha yalikuwa yameshatolewa mlangoni pamoja na taka, mkayarudisha ndani. Humo zimo karatasi za masizi za kaimografu, chombo cha kuchora mapigo na miendo ya mwili, kilichobuniwa na mwanafiziolojia Mjerumani Carl Ludwig mwaka 1847. Sindano imekwangua masizi na kuacha mstari mweupe wa mapigo ya moyo wa chura, kisha karatasi ikapitishwa kwenye vanishi ili mstari usifutike. Pembezoni kuna mwandiko wake, umekwanguliwa vilevile: dawa, kipimo, joto. Kwenye moja ameandika, "Chura amechoka, nasi pia."

Wahifadhi nyaraka wa chuo, mmechomoa pini zenye kutu, mkazipanga karatasi katika majalada yasiyo na asidi, na mpangilio wake mkauacha ulivyo, ingawa (tuseme ukweli) aliuelewa peke yake. Mungu awabariki.

Barua za wanafunzi na rekodi za watu waliojitolea kupimwa zitabaki zimefungwa kwa sasa, kulinda siri zao. Maandishi ya mihadhara na daftari za majaribio zitafunguliwa kwa watafiti orodha itakapokamilika. Mwenye barua, picha au daftari lake, tunaomba awaone wahifadhi. Nakala inatosha, ya asili baki nayo.

Asanteni sana.