Mheshimiwa Waziri, marufuku ya Wikipedia haijamfundisha mwanafunzi kuchunguza

Kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Dodoma.

Mheshimiwa Waziri, salamu kutoka Songea.

Sisi walimu tukitoa kazi ya utafiti, wengi wetu humalizia kwa onyo moja: marufuku Wikipedia, ile kamusi elezo ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Mwanafunzi huitikia "sawa mwalimu". Jumamosi akifika nyumbani anaazima simu ya kaka yake, anafungua ukurasa ule ule, ananakili mwanzo hadi mwisho, kisha chini anaandika jina la kitabu kilichotajwa pale. Mimi ndiye msimamizi wa maktaba ya shule. Kitabu hicho hatuna.

Tangu mtaala mpya uanze kutumika Januari 2024, suala hili limekuwa zito zaidi. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa kwa Kiswahili, kwa hiyo mtoto anatafuta kwa Kiswahili, na mara nyingi anaangukia Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003. Ina makala makumi kwa maelfu, lakini nyingi ni za mistari michache tu, zikiwa na tangazo chini kwamba makala hii bado ni "mbegu", yaani fupi mno na haijakamilika. Mwanafunzi halisomi tangazo hilo. Hakuna aliyemwambia lina maana gani.

Chukua Vita vya Maji Maji, ambavyo hapa kwetu vina makumbusho na makaburi. Mtoto ataandika kwamba walikufa watu 75,000. Mwenzake ataandika 300,000. Wote wawili wamesoma mtandaoni, na mwalimu anayesahihisha kwa kufuata majibu yaliyoandaliwa atampa mmoja vema na mwingine kosa. Ile 75,000 ni hesabu ya serikali ya Kijerumani. Ile kubwa inatokana na makadirio ya mwanahistoria wetu G.C.K. Gwassa, aliyesema kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiuawa na njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Mwanafunzi aliyezoeshwa kushuka hadi kwenye tanbihi atauliza ni nani aliyehesabu, na alihesabu kwa faida ya nani. Hapo ndipo somo la historia linapoanzia, na sisi tunamfungia mlango kwa neno "marufuku".

Hofu ya walimu sio ya bure. Mwaka 2007 idara ya historia ya Chuo cha Middlebury, Marekani, iligundua wanafunzi kadhaa wamerudia kosa moja kuhusu uasi wa Shimabara nchini Japani, wote wakiwa wamelitoa Wikipedia. Idara ikakataza kuitaja kama chanzo. Lakini haikukataza kuisoma, kwa sababu inaweza kumwelekeza msomaji kwenye chanzo kinachofaa kutajwa. Nasi tungeishia hapo hapo.

Wapo wanaojibu kwamba jarida la Nature lililinganisha makala 42 za sayansi mwaka 2005 likakuta Wikipedia ina wastani wa makosa manne kwa makala, na kamusi elezo ya Britannica matatu. Kweli, ingawa Britannica waliupinga vikali ulinganisho huo. Ila ile ilikuwa Wikipedia ya Kiingereza, inayopitiwa na macho mengi. Lugha yenye wahariri wachache ina hatari yake. Mwaka 2020 ilibainika kwamba kijana mmoja wa Marekani, asiyeijua lugha ya Kiskoti, alikuwa ameandika makala zaidi ya 20,000 katika Wikipedia ya lugha hiyo, miaka inapita bila mtu kumzuia. Waskoti wenyewe hawakuwapo. Wala tusidhani Kiswahili kina kinga.

Ninachoomba, Mheshimiwa, ni kwanza Taasisi ya Elimu Tanzania iweke kwenye kiongozi cha mwalimu kipindi cha vitendo: mwanafunzi afungue historia ya ukurasa aone nani kabadili nini na lini, asome majadiliano ya wahariri, kisha afuate tanbihi moja hadi mwisho wake. Kipindi kimoja kwa muhula kingetosha kuanzia. (Sasa wameanza kuiuliza akili mnemba, ambayo haina hata ukurasa wa historia wa kukagua. Mazoea haya yangewasaidia huko pia.)

Pili, wanachuo wa ualimu wa Kiswahili na Historia wapewe kurekebisha makala kama kazi ya darasa, yenye alama na msimamizi. Mwishoni mwa 2009 Google iliwashindanisha wanafunzi wa vyuo wa Tanzania na Kenya kuandika makala za Kiswahili. Jambo zuri, lakini shindano lina siku ya mwisho. Kazi ya darasa hurudi kila mwaka.

La tatu ndilo gumu: tanbihi inayotaja kitabu kisichopatikana haimsaidii mtu. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walikwenda vijijini wakaandika masimulizi ya wazee kuhusu Maji Maji. Naomba masimulizi hayo yaskaniwe na kuwekwa kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu, bure, yakianza na yale ya Ungoni. Vitukuu wa waliohojiwa wako kidato cha pili sasa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa maktaba, Songea