Risala ya mafundi kaunta na tarazo wa Tunguu kwa mgeni rasmi

Assalaam alaykum. Mheshimiwa mgeni rasmi, bwana sheha, wazee wetu, wake kwa waume, tunamshkuru Mwenyezi Mungu kutukutanisha na wewe mheshimiwa tunakushkuru mno kuja kwenye sherehe yetu ya mwaka, tunajua shughuli zako.

Historia yetu ni fupi. Tulianza na tarazo, baadae watu wakataka graniti jikoni na sisi tukajifunza, leo tunakata, tunapolishi, tunafunga wenyewe. Kaunta zetu zipo Fuoni, zipo Fumba, zipo gesti za Paje, na kwa kikundi kisichowahi kuonja mkopo wa benki hayo ni mafanikio makubwa sana.

Sasa mheshimiwa tuje kwenye jambo lenyewe. Kisiwa chetu cha Unguja ni mawe ya matumbawe, graniti hatuna, inatoka Bara au nje, kwahiyo riziki inayoweza kubaki hapa ni ile kazi ya kulikata bamba. Lakini hoteli zinazojengwa huko Nungwi na Kiwengwa zinaletewa kaunta kwa kontena zishakatwa, tundu la sinki lishatobolewa, fundi wetu anaitwa kubeba na kupaka silikoni tu. Tukiuliza tunaambiwa nyinyi hamna uwezo wa kumaliza hoteli nzima kwa wakati, na mheshimiwa hapo wanasema kweli. Mashine kubwa ya kukatia kwa maji tumeshainunua kwa michango yetu, ipo pale nyuma chini ya turubai, inataka umeme wa fezi tatu, ule mkubwa wa viwandani, na sisi tuna fezi moja ya majumbani. Tunakata kwa grenda, kavu kavu, ukingo haunyooki, bamba linapasuka, na lile vumbi lina silika, madini yaliyomo ndani ya jiwe, inayotia makovu kwenye mapafu yasiyopona, Australia wamepiga marufuku mabamba ya kwotzi ya kiwandani, yale ya mawe yaliyosagwa na kugandishwa kwa gundi, tangu Julai 2024 kwa sababu ya silika hiyo hiyo. Maji yanalipunguza sana vumbi. Vijana wetu wanalivuta kila siku.

Wapo wanaotushauri tuombe ushuru wa kaunta za nje upandishwe. Marekani walifanya hivyo, kwotzi ya China wakaiwekea ushuru 2019, ya India na Uturuki 2020, lakini wao viwanda vyao vilikuwa vinafanya kazi. Sisi ukitupandishia ushuru leo mwananchi atalipa ghali na kaunta bado hatutoweza kumpa kwa wakati. Umeme kwanza.

Na kwa heshima zote mheshimiwa, ombi hili si geni. Mgeni rasmi mmoja alisimama hapo hapo akatwambia nguzo za umeme zitafika kabla ya mfungo, tukapiga makofi na picha, mfungo ukaja ukapita, na mwengine ukapita. Aliyemfuata akashangaa kwamba bado, akaandika kwenye daftari akaondoka. Hatuna kinyongo na mtu ila vijana wanatuuliza viongozi wao na jawabu hatuna, wengine wameshakata tamaa wanaendesha bodaboda.

Kwahiyo tunaomba kitu kimoja tu, laini ya fezi tatu kutoka barabarani mpaka hapa, na transfoma ikihitajika. Nakala za barua zetu zote zimo kwenye bahasha utakayopewa. Ahadi mbele ya watu hatuombi, tunaomba ututajie afisa wa kumfuata na siku ya kwenda, katibu yupo mbele hapo na kalamu yake.

Ahsante sana mheshimiwa.