Mpira wa Kimarekani hapa Munich

Munich, 15 Novemba 2022

Ndugu yangu Rashidi,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote hapo nyumbani. Sisi huku wazima, ila sauti yangu imekauka tangu juzi Jumapili, na sababu ni mpira.

Si huu wetu. Tampa Bay Buccaneers walicheza na Seattle Seahawks kwenye uwanja wa Bayern, mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu. Ligi yao ya NFL haikuwahi kuleta mechi ya msimu Ujerumani, hivyo jirani aliponipatia tiketi sikujiuliza mara mbili.

Mji ulichangamka tangu Ijumaa. Marienplatz, katikati ya mji, kulijaa jezi, na wala si za timu mbili tu. Ligi ina timu 32, na nadhani zote zilikuwa na watu wao pale. Sasa wewe vaa jezi ya Azam siku ya Simba na Yanga, uone utakavyoulizwa umepotelea wapi! Hapa shabiki wa Dallas anamsimamisha wa Philadelphia, mahasimu wa miaka yote, wanapiga picha wamekumbatiana. Kwenye treni ya U6 kwenda uwanjani nilibanwa karibu na mzee mwenye koti la Frankfurt Galaxy. Hiyo ilikuwa timu ya ligi ya Ulaya, Wamarekani wakaifunga ligi yenyewe mwaka 2007. Miaka 15 mzee anasubiri mpira huu urudi. Macho yalimlenga machozi akinieleza, nikampenda bure.

Mechi ni dakika 60, lakini inakwenda saa tatu nzima kwa sababu saa inasimamishwa kila mara. Vile vituo ndivyo mashabiki wanavyovitumia kuimba. Robo ya mwisho ukapigwa wimbo mmoja wa zamani wa Kimarekani, wa mtu anayeziomba barabara za kijijini zimrudishe kwao. Wajerumani wanaujua vizuri, ni wimbo wao wa sherehe. Muziki ukazimwa ili mchezo uendelee, watu hawakunyamaza. Karibu watu 70,000, wakaendelea wenyewe bila ala! Rashidi, mimi mtu wa Tanga, nimeimba hadi koo likagoma, na kwetu nilikuona waziwazi.

Tampa walishinda 21 kwa 16. Tom Brady, mrusha mpira wao mkuu, ana miaka 45 na bado anarusha mpira unafika palepale anapotaka. Kuna mara walimgeuza yeye awe mpokeaji, akateleza, mpira ukaenda kwa Seattle, na uwanja mzima ukapiga kelele kwa furaha, hata waliovaa jezi yake.

NFL wamekubali kuleta mechi 4 kwa miaka 4, kati ya Munich na Frankfurt. Anza kushughulikia pasipoti mapema, maana viza ndiyo inayochelewesha. Kulala ni kwangu. Jezi chagua ya timu yoyote uipendayo.

Msalimie mama, na watoto uwabusu.

Wako,
Juma