Bustani ya Familia Malindi: Anza na Upepo Kabla ya Mimea ya Kigeni

Wateja wengi hufika kitaluni kwetu hapa Malindi wakiwa na picha ya bustani ya mbali, yenye majani mapana na maua ya rangi kali, wakitaka kujua bei ya mimea hiyo. Sisi huanza kwa kuwauliza familia itakaa upande gani jua likishuka, na upepo wa kusi huingia uani kutokea wapi. Mpangilio wa bustani ya kupumzikia huanzia hapo, kwani mmea wa kigeni uliopandwa pasipoufaa hukauka hata ukimwagiliwa kila siku.

Kuanzia Aprili hadi Septemba kusi huvuma ikibeba chumvi ya bahari, nayo huunguza majani laini. Kwa nyumba za karibu na ufuo tunashauri safu ya mikungu au mikadi badala ya ukuta mrefu mtupu, maana ukuta huurusha upepo juu ukaja kuanguka bustanini kwa nguvu, ilhali miti huuchuja na kuupunguza kasi. Baraza ya kukalia iwekwe nyuma ya kinga hiyo, mbali na minazi inayoangusha nazi.

Tatizo tunaloitiwa mara nyingi zaidi ni la udongo. Sehemu nyingi za pwani hii zimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na udongo wake una chokaa nyingi. Iksora, kichaka cha maua chenye asili ya Asia ya Kusini, hupandwa ikiwa imestawi, kisha majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Mwenye nyumba hudhani ni kiu akaongeza maji, kumbe madini ya chuma yamo udongoni, ila chokaa huyafanya yasifyonzeke na mizizi. Huwa tunachimba shimo la sentimita 60 kwenda chini na upana uo huo, tukajaza udongo mwekundu na samadi iliyooza vizuri, kisha tukafunika juu kwa makumbi. Hata hivyo, kwa kuwa chokaa hurudi polepole kutoka pembeni, kwa maoni yetu iksora hukaa vyema zaidi katika chungu kikubwa.

Maji ya visima vingi vya karibu na bahari yana chumvi, kwa hiyo mwagilia shinani wala si majanini. Inafaa pia kuvuna mvua: paa la mita 100 za mraba likipata milimita 10 hupokea takriban lita 1,000.

Kwa anayependa mimea ya ugenini, bugenvilia kutoka Amerika ya Kusini huvumilia chumvi na huchanua zaidi ikinyimwa maji kidogo. Frangipani ya Meksiko na Amerika ya Kati nayo haina makuu. Mlangilangi huhitaji maji na kinga, lakini harufu yake jioni hulipa taabu yote.

Penye watoto hatupandi oleanda kabisa, hata mteja akiisisitiza, kwa kuwa kila sehemu yake ina sumu inayodhuru moyo. Difenbakia nayo, ikitafunwa, huuvimbisha mdomo na ulimi.

Kazi ya kupima ua na kuchimba mashimo tunapendelea kuifanya Februari na Machi, ili miche iingie ardhini masika yanapoanza.