Barua ya wazi kwa Jaji Mkuu wa Kenya: Goti langu na daktari wa bima

Mheshimiwa Jaji Mkuu,

Mimi ni mama karanga, nakaanga samaki Mtwapa. Matatu niliyopanda ilipinduka, goti likavunjika, nikashtaki. Kesi imekwisha na sikuandikii uifufue. Nakuandikia kuhusu chumba cha daktari wa bima.

Tuliowahi kudai fidia tunakijua. Una fomu yako ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha yako, una ripoti ya daktari wako, kisha kampuni ya bima inakutuma kwa daktari wake naye akupime. Hilo silipingi. Wapo wanaochechemea kortini, wakitoka nje wanakimbilia matatu. Anayelipa ana haki ya kuhakikisha.

Ila dada yangu aliambiwa abaki nje. Daktari akaniamuru nikunje goti, nikalikunja machozi yakinitoka. Kazi yangu hakuiuliza. Kukunja goti mara moja na kukaa kigodani mbele ya karai la mafuta tangu alasiri hadi saa tatu usiku ni mambo mawili. Alichouliza, tena mara mbili, ni kama nilifunga mkanda. Nikamjibu kwamba mkanda wa kiti kile ulikuwa umekatika.

Ripoti yake niliiona miezi minne baadaye, kwa wakili. Daktari wangu alikuwa ameandika ulemavu wa kudumu asilimia 8. Huyu akaandika hakuna. Chini yake, kwa Kiingereza: mgonjwa anasema hakufunga mkanda. Mkanda uliokatika ulipotelea wapi? Na goti linahusianaje na mkanda? Nani alikosea ni swali la hakimu, si la mtu anayeshika nyundo ya kugonga magoti.

Nilidhani ataitwa ahojiwe. Kumbe mawakili walikuwa wamekubaliana ripoti zote mbili ziingie bila madaktari kufika, kama inavyofanyika mara nyingi ili kupunguza gharama. Hakimu akabaki na karatasi mbili zinazopingana.

Katika Korti ya Madai Madogo, ambako sheria ya 2016 inataka uamuzi ndani ya siku 60, kosa kama hili lisipoonekana mapema halionekani tena.

Katiba, kifungu cha 35, inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa mtu mwingine anapozihitaji kulinda haki yake. Naomba Kamati ya Kanuni, ile inayotunga kanuni za kesi za madai, iiandike haki hiyo hadi ifike kwenye chumba kile. Anayepimwa aingie na mtu wake akitaka. Daktari aulize kazi anayoifanya, mambo ya ajali ayaache. Kabla mgonjwa hajavaa viatu, asomewe kwa lugha yake kila neno analodaiwa kulisema, na nakala ya ripoti imfikie siku ileile inapomfikia aliyeilipia.

Wako,
Mama karanga, Mtwapa