Barua kwa mwanangu: saa moja usiku nani atakaa na Idi?

Mwanangu Mama Idi,

Assalaam alaikum. Sisi huku Tanga wazima, vuli imekatika mapema na mahindi ya uani yamejikunja majani, lakini si hayo yaliyonikalisha na kalamu.

Jana ulisema mmemnunulia Idi tableti ili jioni atulie, akishahamia kwenu huko Dodoma. Neno hilo nimelala nalo. Atulie na nani? Ulikata simu kabla hujanijibu. Wewe unarudi saa mbili, baba yake yumo safarini, dada yuko jikoni na mtoto mgongoni. Saa moja usiku, nani atakaa na mume wangu huyo mdogo?

Tableti siikatazi. Ina herufi, ina wanyama, inasema na Kiingereza. Ila haingoji. Ukimtegea Idi kitendawili hukaa kimya, akakuna goti, akatazama dari, akasema, "Bibi usiniambie, usiniambie." Kimya kile ndiyo raha yangu ya kutwa nzima, na kile chombo kingekuwa kimeshamjibu na kuhamia kingine.

Nikupangie saa, maana huko jua litakuchezea. Dodoma linazama kama robo saa baada ya hapa, na Januari giza huingia saa moja imeshapita. Ukilifuata jua, chakula kitasogea, hadithi itasogea, na yeye atalala saa tatu na nusu. Mtoto wa miaka mitano anataka usingizi wa saa kumi mpaka kumi na tatu. Akiamshwa saa kumi na mbili kwenda darasa la awali, saa mbili usiku awe ameshalala. Basi aoge saa kumi na mbili jioni, ale saa kumi na mbili na nusu, saa moja mchezo, saa moja na nusu hadithi. Adhana ni ya swala. Chakula chake kifuate saa ya ukutani.

Vitendawili. Anza na jibu ambalo yuko nalo chumbani. "Nyumba yangu haina mlango," na yai liko kwenye bakuli. "Kuku wangu katagia mwibani" usimtegee mpaka awe amelishika nanasi na kuchomwa na majani yake, la sivyo anakariri tu kama kasuku. Kwa wiki mpe vipya viwili, uvichanganye na vile anavyovijua. Vikiwa vipya vitupu anachoka; vikiwa vya zamani vitupu anakujibu hujamaliza kutega. Akikosea mara tatu, muombe mji. Akishakupa, usikimbilie jibu! Hapo watu wazima ndipo mnapoharibu. Lazima kwanza uuendee huo mji: "Nilikwenda Korogwe, wenyeji wakanipokea, wakanichinjia jogoo, na wewe nikakuona sokoni unauza ndimu kwa kukosa akili." Yeye huanguka kwa kucheka. Jibu lije baada ya hapo. Mpaka sasa ameshanipa Muheza, Pangani, Lushoto, hata Mombasa ambayo si yetu. Tanga hatoi, hata umbembeleze vipi. Wewe jifunze ya huko mapema, Kondoa, Mpwapwa, Kongwa, Bahi, usije ukaombwa mji ukabaki unatumbua macho.

Bao la marehemu baba yako ni zito, halipandi basi. Nitampa komwe tu, zile mbegu za kuchezea. Matundu mtayapata kwenye trei za mayai: trei moja ina matundu 30, tano kwa sita, haitoshi. Kata safu nne zenye matundu sita, halafu kwenye trei ya pili kata kipande cha nne kwa mbili, viunganishe kwa gundi upate 32. Asianze na bao la wakubwa, lile la kupanga kete kumi kila mmoja na 22 kubaki mkononi, hilo litamchosha. Weka mbilimbili kila shimo, 64 zote. Anachota shimo moja la upande wake, anadondosha mojamoja, ya mwisho ikikuta wenzake anazichota zote anaendelea, ikikuta shimo tupu amelala, ni zamu yako. Kosa lake ni moja: mdomo unasema "nne" na mkono umeshamwaga mbili, kwa kuwa komwe zinateleza. Ashike fungu kwa kushoto, achomoe kwa kulia. Hesabu anaijua mpaka 40 bila daftari, na hilo limetoka kwenye bao.

Hadithi hutaki kuambiwa, najua, lakini nitakuambia. Ukiita "Paukwa!" asipojibu "Pakawa!" kwa sauti, usianze, kumbe hajakaa. Zimwi liwe la mwanzo na Sungura awe wa mwisho, maana kinachosikika mwisho ndicho kinachoingia naye kitandani. Wimbo wa ndani ya hadithi urudie mara tatu, ya kwanza uimbe wewe, ya pili pamoja, ya tatu umwachie. Usiruke hata kidogo kwa sababu umechoka. Atakushika na kukurudisha mwanzo, utapoteza zaidi ya ulichotaka kuokoa. Akipiga mwayo wa kwanza, funga hadithi hata kama Fisi bado yumo shimoni. Kesho atakuuliza ametokaje.

Najua la moyoni mwako, kwamba wewe haya hukuyapata. Cherehani yangu ilikuwa ikilala saa nne, na nguo za watu za sikukuu hazingoji. Ndiyo hivyo.

Na usidhani sijivuni. Kila anayepita barazani nimemwambia mwanangu ana ofisi yake na mlango una jina lake. Lakini mlango huo mbona hauna saa ya kufungwa? Sikudai kila siku. Siku tatu kwa wiki, dakika arobaini. Siku nyingine baba yake, akiwapo, aiache taarifa ya habari. Zikibaki siku hamna mtu kabisa, nipigieni saa moja na dakika kumi, nimtegee kwa simu. Vocha nitanunua mimi. Ila mtu awepo. Nani, mama? Hilo tu ndilo sijajibiwa.

Chandarua kipya mlichonunua kitandazeni kivulini kutwa nzima na usiku wake kabla hajakilalia, kisimuwashe ngozi. Jua linaua dawa. Kufua ni mara moja kwa miezi mitatu inatosha, kwa sabuni ya kipande na maji baridi, si ya unga. Kichomekwe chini ya godoro kabla ya hadithi, si baada.

Mkate wa kumimina anaoupenda: mchele vikombe viwili uloweke usiku kucha, usage na tui zito kikombe kimoja, sukari robo tatu ya kikombe, hamira kijiko cha chai, iliki sita. Iliki atwange yeye, ni kazi yake. Ukisaga nusunusu utakuwa na mchanga mdomoni. Ukiona umefura na kutoa mapovu, kama saa moja hivi, umimine bila kuukoroga tena. Ukiusahau unachacha, na ukifika motoni unanywea katikati. Moto chini uwe haba, mkaa mwingi juu ya mfuniko.

Basi lenu mkate tiketi upande wa dirisha, atataka kuuona mji alionigawia, Muheza, na ile ya mbele, Segera, Chalinze, Morogoro, Gairo. Kiti chake kidogo mguu umelegea, fundi ameahidi Alhamisi, nami fundi huyo simwamini. Shangazi yako anadai sufuria lake lililokwenda nawe wakati wa harusi.

Komwe nimezifunga kwenye kitambaa cha bluu. Mchezo ukiisha zihesabu kabla ya kufunga fundo, ziwe 64. Zikiwa 63, usianze kutafuta chini ya kochi. Mfungue kwanza mdogo wake mdomo.

Mama yako.